Jina la Gicheru

Watu wa Mukurweini wanalima kahawa, lakini kwenye benchi la Njoki wanakunywa chai. Asubuhi hiyo ya mwaka tisini na saba, Gicheru alikaa pembeni, vidole vyake vikiwa bado vimeng'ang'ania kikombe kilichokwisha chai kitambo. Ndio ugonjwa wa ukoo wao: mkono hushika upesi, kuachilia mpaka ubembelezwe. Na sasa mwanawe Simeon amepata kifungua mimba, mtoto wa kiume, ambaye kwa desturi angeitwa Gicheru, jina la babu. Hakuna aliyelitamka. Mzee alitamani mjukuu apewe jina hilo mpaka usingizi ukamhama.

— Daktari wa Nairobi alisemaje? aliuliza Breki, dereva mstaafu wa lori.

— Ati kwa damu kuna maandishi ya ukoo, alisema Gicheru. Juu yake kuna alama ndogo ndogo, zingine zinawasha, zingine zinazima. Labda siku moja alama zitaonyesha nani atakuwa mgonjwa.

— Labda?

— Bado wanatafuta.

— Hata ng'ombe iko na alama kwa sikio, alisema Dakta, aliyeitwa hivyo kwa kupandisha ng'ombe kwa sindano.

— Hiyo ni ya nje. Ya ndani ni jina, alisema Breki. Babu ya huyu mzee aliitwa Gicheru, akashikwa na hii ugonjwa ya mkono. Baba yake, Ngatia, akalima mpaka uzeeni. Huyu ni Gicheru, ona mkono. Ugonjwa inafuata jina.

— Basi mtoto apewe jina ya kina mama yake, kule Tetu, alisema Dakta. Ugonjwa ikikuja itauliza Gicheru, iambiwe hayuko, irudi.

— Na ikipotea njia?

— Iingie kwa jirani.

Walicheka. Gicheru alicheka nao, na moyo ukamuuma.

Wakati huo Watiri, mke wa Simeon, akafika na mtoto mgongoni, akitoka kliniki.

— Guka, alimwambia Gicheru, akimwita babu kwa Kikuyu, Simeon amesema jina utasema wewe.

Akamfungua mtoto, akamsogeza. Gicheru hakuiamini mikono yake, akanyoosha kidole kimoja tu. Mtoto akakikamata. Mzee alipojaribu kukitoa taratibu, mtoto hakuachilia. Benchi lote likakikodolea macho kile kidole.

Watiri akawatazama mmoja mmoja.

— Si watoto wote hushika hivi?

Breki akainama kufunga kamba za viatu. Dakta akachungulia kikombe chake. Gicheru alikuwa na jina lake mwenyewe mdomoni, na hakujua aombe mtoto aachilie, au aendelee kumshika.