Fundi Kioo na Mkono Uliosubiri Pumzi

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Fundi Kioo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa nne wa mwashi na mshonaji. Alikuwa mwoga. Hakuwahi kuuficha uoga wake, nasi leo hatutamfichia.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1972. Matokeo yalipobandikwa ukutani hakwenda kuyatazama, kwa hofu ya kutoliona jina lake. Alipokwenda wiki tatu baadaye, jina lilikuwapo, ila nafasi yake ya sekondari ilikwishapewa mwingine. Mjomba wake akamchukua karakanani kwake, akamfundisha kukata vioo na kuunda fremu. Marehemu akipiga mstari mmoja na kugonga mara moja, kioo kiliachana bila kulalamika.

Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na mwalimu wa chekechea, aliyemwambia waziwazi: "Nikingoja wewe uulize, tutazeeka."

Tarehe 9 Juni 2009 alianguka na pikipiki. Mishipa ya fahamu itokayo shingoni iling'oka, na mkono wa kulia ukaning'inia kama mkono wa shati lililoanikwa. Daktari alieleza kwamba watatoa msuli mmoja wa ndani ya paja, waupandikize mkononi, kisha wauunge na mishipa ya fahamu ya mbavuni, ile ya kupumulia.

"Kwa hiyo nikose mkono, nikose na mguu?" marehemu akauliza.

"Mguu utatembea, mzee wangu. Msuli huo una wenzake. Mkono ndio siwezi kukuahidi."

Upasuaji ulifanyika tarehe 2 Februari 2010, kwa saa kumi na moja. Siku tatu mkewe hakubandua macho kwenye kipande cha ngozi kilichoachwa juu ya msuli ule. Kikibadilika rangi, damu imegoma. Hakikubadilika.

Ikabaki miezi ya kungoja. Mtaalamu wa mazoezi alimweleza kwamba msuli ukiamka, utajikunja kwanza avutapo pumzi ndefu, basi ajaribu kila siku. Marehemu aliitikia, akarudi nyumbani, akawa anapumua juu juu kama mwizi chini ya kitanda.

"Shemeji, hata pumzi unaifanyia ubahili?" mdogo wa mkewe alimtania.

"Niache. Nikivuta na mkono usitikisike, nitakuwa nimeuzika mkono huu mimi mwenyewe."

Tarehe 11 Septemba mwaka huo huo, karakanani, vumbi la mbao likampanda puani. Akapiga chafya. Mkono ukaruka, ukakipiga kikombe cha shemeji, chai yote ikammwagikia kifuani.

"Piga nyingine!" shemeji akapiga kelele, chai ikimchuruzika.

Marehemu aliketi sakafuni. Hakuvuta pumzi ndefu mpaka mkewe alipofika. Alipovuta, kiwiko kilikunjika mbele ya macho yao. Vidole havikurudi, lakini kwa miaka kumi na tatu alibana fremu kwa mkono huo, akikata kioo kwa wa kushoto.

Novemba 2023 chakula kilianza kumkwama. Watoto, kwa kumjua, walipatana wapokee majibu ya vipimo wao, wamwambie ni vidonda tu. Siku hiyo hospitalini, binti yake mkubwa alipoinuka kumfuata daktari, marehemu alikuwa amekwishatangulia mlangoni, jasho likimtoka.

"Baba, keti, nitakuja kukueleza."

"Utanieleza nusu. Naogopa sana, mwanangu, lakini leo nataka kusikia yote."

Ilikuwa saratani ya umio, mrija wa kupitishia chakula. Aliuliza amebakiwa na muda gani, akajibiwa. Aliita watoto mmoja mmoja, akamaliza fremu alizoahidi, akachagua mwenyewe mahali hapa tuliposimama.

Alifariki tarehe 6 Agosti 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 66. Maneno yake ya mwisho kwa mkewe yalikuwa, "Bado naogopa. Usiondoke." Naye hakuondoka.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada mmoja, na shemeji mmoja anayelia kuliko sote. Mungu ampumzishe kwa amani, pasipo na hofu.