Ndoo Mbili za Bi Sharifa

Mheshimiwa Musitanteri, mkuu wa tarafa yetu, nawe ndugu Djibril, mwenyekiti wa kamati ya wahakiki, pamoja na wajumbe wako mnaokalia viti vyenye mito, ndugu watazamaji wa mabenchi, mliotoka hapa Rumonge, Kigwena na hata Magara, na wewe Bi Sharifa, ambaye kwa miaka ishirini na sita katika ukumbi huu hukuwahi kukaa: amahoro, amani kwenu nyote.

Nimeombwa nimuage Bi Sharifa, mfasiri wetu, aliyesimama kando ya televisheni akiwageuza Wafaransa na Wabrazili wakaongea Kiswahili cha hapa. Nimeambiwa niseme maneno mafupi na mazuri. Mafupi nitajaribu.

Mnajua tulivyofika hapa. Tamthilia ya Hoteli ya Wajane, tuliyoipenda zamani, imetengenezwa upya: hoteli ile ile, mlango ule ule wa bluu, waigizaji wapya. Wahakiki wakaipa kumi na nane juu ya ishirini. Watazamaji wakaipa tatu. Alama zikabandikwa ukutani, na kamati ikakutana kutafuta ugonjwa uko wapi. Ikaupata kwenye koo la Bi Sharifa! Ikasema anaiharibu kazi nzuri kwa kuifasiri vibaya. Basi apewe kitenge na chupa ya chai, aende nyumbani, na mahali pake tuletewe sauti zilizorekodiwa.

Niruhusuni niipongeze kamati. Nampongeza hasa ndugu Djibril, aliyehakiki vipindi kumi baada ya kutazama kimoja na nusu. Nilipomuuliza, alinijibu bila haya: "Mzee Uledi, mutu mwenye kusoma hana haja ya kula sufuria muzima ndiyo ajue chumvi." Kweli kabisa. Lakini wewe, ndugu yangu, ulinusa mfuniko. Ripoti yako ina kurasa sita, na neno "ujasiri" limo mara kumi na moja. Ujasiri wa nani? Mpishi wa hoteli alifanya nini katika kipindi cha saba? Usijisumbue kujibu. Siku ya kipindi cha saba umeme ulikatika, hakikuonyeshwa. Nawe ulikipa kumi na tisa.

Aliyekuwa amekitazama nyumbani, mara mbili, kama anavyofanya kwa kila kipindi, ni Bi Sharifa. Siku ile alikisimulia kwa mdomo mtupu, bila picha, mwanzo hadi mwisho. Je, kuna aliyetoka?

Msicheke, watu wa mabenchi. Zamu yenu imefika.

Desturi yetu ni kokwa. Kila mtazamaji hupewa kokwa moja ya mchikichi, na akitoka huiangusha katika ndoo nyeupe kama amependa, katika nyekundu kama hakupenda. Masika yaliyopita mlisukumana mkang'oa bawaba za mlango wa kutokea, kamati ikahamishia ndoo kwenye mlango wa kuingilia. Kuna aliyeshangaa? Hata mmoja. Kwa wiki kumi mmekuwa mkihukumu kwanza, ndipo mnatafuta mahali pa kukaa. Nilimwona Mama Asma, muuza ndagala, dagaa wetu wa ziwa, kutoka Magara, akitupa kokwa yake katika nyekundu hata beseni hajalitua.

"Mama Asma, umeisha kuiona?"

"Bado."

"Sasa umejuaje iko mbaya?"

"Mzee, ile ya zamani nilikuwa naitazama na marehemu bwana yangu. Hii iko ya nani?"

Hapo sikuweza kumcheka. Niliondoka hapa mwaka wa sabini na mbili nikiwa kijana, nikarudi baada ya miaka thelathini na sita. Kule ukimbizini Ujiji, Tanzania, katika kibanda cha video, niliitazama Hoteli ya Wajane ya kwanza na kuuazima ule mlango wa bluu uwe mlango wa nyumba yetu niliyoiacha hapa. Niliporudi nikakuta nyumba ya baba imejengwa upya, ina watu wengine. Niliichukia nikiwa bado barabarani. Ilinichukua miaka miwili kubisha hodi, na ndani nikapewa chai nzuri.

Kwa hiyo Mama Asma namwelewa. Ninaowadharau ni sisi wa mito. Ndiyo, sisi: ile kumi na nane ina sahihi yangu. Niliogopa kuitwa mzee wa kulilia ya kale, nikasaini nisichokitazama. Na kwa alama za watu ambao hawakutazama, leo tunamfukuza mtu pekee aliyetazama, tena tunamfukuza kwa kitenge na chai.

Mheshimiwa, kitenge hiki kizuri kisubiri. Asubuhi nimezibeba zile ndoo kwa mikono yangu. Ziko mlango wa kutokea, zote tupu. Kipindi cha mwisho kimo ndani ya mashine. Bi Sharifa, dada yangu, njoo uchukue maikrofoni hii. Kura ya kukuaga wewe nayo tutaipiga tukitoka, baada ya kukusikia.

Kokwa yangu ninayo mfukoni.

Nawashukuru kwa kunivumilia. Sasa nyamazeni, mumsikilize yeye.