Fundi Aliyekaa Juu ya Friji: Papa Tuakana Anastaafu

Ijumaa ya tarehe 27 Juni 2025, saa kumi jioni, Papa Tuakana Ngametua (Papa ndivyo tumwitavyo kila mzee wa heshima hapa) ataandika jina lake kwenye daftari la zamu kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na minane na miezi minne katika Kituo cha Umeme na Barafu cha kisiwa chetu cha Mitiaro. Hakuna mfanyakazi mwingine aliyewahi kudumu humu muda huo, wala mashine yoyote.

Aliingia Februari 1987, kijana wa miaka ishirini na miwili, ameitwa kusafisha tangi la dizeli kwa wiki mbili tu. Wiki ya pili haijaisha, pampu ya maji ya jenereta ikagoma. Fundi mkuu alikuwa amekwenda Rarotonga, kisiwa kikuu, kung'olewa jino. Tuakana akaifungua pampu ile kwa bisibisi na uma wa jikoni, akaisafisha, akaifunga, ikafanya kazi. Fundi mkuu aliporudi na shavu lake lililovimba, alimkuta yule kijana amekaa kwenye kiti chake anakunywa chai. Wiki mbili zile ndizo zinazokwisha Ijumaa hii.

Miaka ya mwanzo alikuwa fundi kama mafundi wengine. Friji ikiharibika, alikata paipu, gesi ikatoka kwa mlio wa nyoka, akaweka gesi mpya. Ndivyo kila mtu alivyofanya, hapa na duniani kote. Gesi yenyewe haionekani, hainuki, haiumi. Mwenyewe husema, bila kujificha, kwamba siku za joto aliwahi kuifungulia kwenye chupa za bia ili zipoe haraka, na wenzake wakampigia makofi.

Mwaka 1996 kituo kilimpeleka Suva, Fiji, kwa mafunzo ya wiki tatu. Siku ya nne mwalimu wao, mama mmoja wa Kifiji mwenye sauti ya chini, aliingia darasani na sarafu mbili, akaziweka mezani moja juu ya nyingine. Akawaambia kwamba huko juu, kilomita nyingi kupita mawingu, kuna tabaka la ozoni linalotukinga na makali ya jua. Limetawanyika katika anga pana kiasi kwamba, kama ungeweza kulikusanya lote na kulishusha hadi hapa chini, unene wake ungekuwa kama wa sarafu zile mbili. Basi. Hakuna kinga nyingine kati yetu na jua. Na chembe moja ya klorini itokayo kwenye ile gesi ya friji, ikifika huko juu, huweza kuvunja chembe laki moja za ozoni kabla haijatulia.

Papa Tuakana anasema hakula mchana ule. Alikaa nje ya karakana na daftari, akaandika friji zote alizoweza kukumbuka, nyumba kwa nyumba, kutoka kanisani hadi gatini. Alipofika themanini na kitu, aliacha kuandika.

Alirudi Mitiaro na mashine ya kunyonya gesi, yenye ukubwa wa sanduku la nguo, na mtungi mtupu wa kijivu. Tangu siku ile hakuachia gesi tena hata kidogo. Kazi ya dakika tano ikawa ya dakika arobaini. Watu wakasubiri, watu wakachoka, watu wakamtania. Pale gatini walimwita Mshona Mbingu. Walimpigia kelele akipita na toroli lake: "Tuakana! Umefika wapi leo, pindo au kola?" Naye akajibu bila kusimama: "Nimefika kwenye mdomo wako, ila uzi umeniishia."

Sasa niandike habari ya shimo, kwa sababu bila hiyo wasifu huu ungekuwa uongo.

Mwaka 2005, vimbunga vilipopita mfululizo Februari na Machi, bahari iliingia nyumba za chini. Maji yalipotoka, kila familia ilikokota vitu vyake vilivyoharibika hadi shimo la taka nyuma ya uwanja wa ndege. Humo yakarundikana magodoro, mabati, makabati, na friji na friza arobaini na moja. Tingatinga likaletwa kwa meli kuponda na kufukia vyote. Lilikuwa letu kwa siku nne, Jumatatu hadi Alhamisi, kisha meli iondoke nalo.

Papa Tuakana aliiomba kamati ya kituo impe siku hizo hizo anyonye gesi ya friji zote kwanza, maana zilikuwa za zamani na paipu zake zilikuwa na gesi ileile mbaya. Kamati ikamwambia ajitahidi, lakini tingatinga halitamsubiri. Jumatatu alifanya friji sita. Jumanne mvua ikanyesha kutwa, na kile kijenereta chake kidogo, kilichokwishaonja maji ya chumvi, kikakataa kuwaka. Alikifungua chini ya turubai, akakikausha kipande kwa kipande. Jumatano adhuhuri alikuwa amefikisha friji kumi na nne, na tingatinga likawa limemfikia.

Dereva wa tingatinga alikuwa Teariki Pokoina, ndugu wa mke wa Papa Tuakana. Sote tuliokuwa ukingoni tuliyasikia maneno yao.

"Shemeji, toka humo."

"Nipe hadi kesho jioni."

"Kesho jioni mimi na hili dude tutakuwa baharini, natapika. Toka!"

"Anza na magodoro, Teariki. Mabati, makabati, vyote hivyo fukia. Friji niachie."

"Na mwenyekiti nikamwambie nini?"

Papa Tuakana alipanda juu ya friza kubwa, ile iliyokuwa ya duka, akakaa, akakunja miguu. "Mwambie Tuakana amekaa juu ya friji na hashuki."

Wengine wetu tulicheka. Mwenyekiti wa kamati wa wakati ule alipofika, hakucheka. Alimwambia mbele ya watu wote kwamba akiendelea kukaa pale, asirudi kazini. Papa Tuakana alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Sawa, Papa," akashuka, nasi tukadhani yameisha. Kumbe alikuwa ameshuka kuvuta paipu ya friji inayofuata.

Teariki alifukia magodoro na mabati, akazizunguka friji kwa hasira kubwa, na Alhamisi tingatinga likapandishwa melini. Theluthi nzima ya shimo ikabaki wazi. Papa Tuakana alimaliza friji ya mwisho Jumamosi. Tisa alizikuta paipu zimekwisha kuvunjika, gesi imekwenda zake, na kila alipokuta moja aliufunga mlango wake taratibu kama mtu aliyechelewa kumfikia mgonjwa. Thelathini na mbili aliziwahi. Gesi yote aliyoipata humo ilikuwa kilo nne na robo.

Nilimwona anaupima mtungi kwenye mizani ya ofisi yangu ya barafu, nikashindwa kujizuia. "Kilo nne, Tuakana? Shimo lote lile wazi kwa ajili ya kilo nne?"

"Na robo," akasema. Akaniangalia bila ubishi wowote. "Umesahau robo."

Mvua ikajaa katika shimo lile. Mbu wakawa wengi. Aprili homa ya dengi ikaingia kijijini, na mmoja wa wagonjwa wa kwanza alikuwa Mama Tepaeru, mke wake mwenyewe. Alilala siku tisa, macho mekundu, mifupa inamuuma hadi shuka ikawa mzigo. Nesi alisema mbu walikuwa kila mahali, katika kila kopo na kila nazi iliyopasuka, na hakuna awezaye kujua aliyemuuma alitoka wapi. Lakini sisi tulikuwa tumeshaamua. Barua ikaandikwa kutaka aondolewe kazini, ikatiwa sahihi na watu thelathini na mmoja. Sahihi ya saba ni yangu mimi ninayeandika hapa. Sijawahi kumwambia kwa kinywa changu. Namwambia leo, mbele ya kisiwa kizima: Papa, nilikosea, nisamehe.

Walimsimamisha bila mshahara. Siku ya kwanza ya adhabu yake alimnywesha mkewe mchuzi, akachukua sururu na koleo, akaenda kufukia shimo kwa mikono. Siku ya pili hivyohivyo. Jumamosi Teariki, aliyerudi kwa meli iliyofuata, akatokea na koleo lake. Hawakuwa wamesalimiana tangu siku ile ya tingatinga. Walichimba tangu asubuhi hadi saa saba. Mwishowe Teariki akafuta jasho na kusema, "Dada yangu aliolewa na kichaa." Papa Tuakana akajibu, "Na kichaa ana shemeji mwenye koleo butu. Nipe nilinoe." Wakaendelea.

Wiki ya tano mashine ya barafu ilisimama. Samaki wa kijiji kizima walikuwa wanategemea barafu yake. Tulikuwa watatu ofisini, tukaizunguka ile mashine tukiikodolea macho, mmoja akaipiga teke, mwingine akapendekeza tuombe dua. Saa sita nikatumwa shimoni, na safari ile ilikuwa ndefu kwangu kuliko ulivyo umbali wake. Alikuja na matope hadi magotini, akasikiliza mashine kwa sikio, akafungua vali moja, akabadilisha kitu kidogo kama kifungo cha shati. Dakika ishirini. Kisha akarudi shimoni kumalizia kazi yake. Jumatatu iliyofuata alikuwa kwenye zamu. Barua ya kumrudisha kazini haijaandikwa hadi leo, hivyo kwa mujibu wa faili Papa Tuakana anastaafu akiwa bado amesimamishwa.

Mtungi ule ulisubiri miezi minne kupata meli itakayokubali kuubeba. Kila asubuhi alipaka povu la sabuni kwenye vali kuona kama inavuja. Ulikwenda Auckland, na kutoka huko ukapelekwa mahali penye tanuri la kuiteketeza gesi hiyo kabisa. Karatasi ilirudi, imeandikwa uzito: kilo nne na robo. Mama Tepaeru, aliyekuwa amepona, aliitia kwenye fremu na kuitundika ukutani kati ya picha za harusi za watoto wao.

Kisha likaja jua. Paneli za umeme wa jua zilipofika, miaka kumi hivi iliyopita, Papa Tuakana alikuwa na miaka hamsini, na wengi tulidhani atawaachia vijana. Alikaa kibarazani na vitabu vya maelekezo wiki tatu, akavifasiri kwa lugha yetu kwa penseli, ukurasa kwa ukurasa, na nakala ile ndiyo tunayotumia hadi sasa. Aliuliza maswali hadi wahandisi waliokuja nazo wakaanza kumkwepa wakati wa chakula. Tukaosha paneli, tukapanga betri, tukafunga nyaya.

Siku ya kuzima jenereta ilikuwa Jumanne, saa tano asubuhi. Injini ile ilikuwa imenguruma tangu kabla sijazaa, na yeye ndiye aliyeilea miaka yote hiyo. Tuliiita Bibi. Alishika swichi, akangoja, akaipiga injini ubavuni mara mbili kwa kiganja. "Haya, Bibi," akasema. "Pumzika."

Ngurumo ikashuka, ikakohoa, ikakatika.

Nimekaa kisiwani hapa maisha yangu yote, na sikuwa nimewahi kuisikia bahari nikiwa uani pa kituo. Ilikuwa pale siku zote, mawimbi yanapiga mwamba, hatua mia mbili kutoka mlangoni petu. Tukasimama. Halafu tukamwona Mama Tepaeru anakuja mbio peku, samaki aliyeganda mkononi.

"Tuakana! Injini imekufa, lakini friji inafanya kazi! Nimefungua, taa ya ndani inawaka!"

"Haijafa, nimeizima mimi."

"Sasa friji inakula nini?"

Alinyoosha kidole juu. Mama Tepaeru akatazama jua, akamtazama samaki wake, akakaa chini kwenye majani. Watu waliendelea kutoka majumbani mmoja mmoja, nao wakakaa. Tulikaa pale karibu saa nzima, watu wazima wenye kazi zetu, tukisikiliza mawimbi, na nyuma yetu mashine ya barafu ikitengeneza barafu kwa mwanga.

Mwezi uliopita wataalamu kutoka Rarotonga walikuja kuzungumza katika ukumbi wa kijiji. Walisema tundu la ozoni huko kusini linapona. Polepole, mwaka mmoja vizuri, mwingine vibaya, lakini linapona, kwa sababu mataifa yalikubaliana mwaka 1987 kuziacha gesi zile, na kwa sababu watu wengi wasiojulikana, katika karakana nyingi, walikubali kuchelewa. Wanatarajia litakuwa limezibika karibu na mwaka 2066.

Teariki alihesabu kwa vidole. "Shemeji, wakati huo utakuwa na miaka mia moja na mmoja."

"Basi mniamshe," akasema Papa Tuakana, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Yeye hakucheka. Alikuwa anamwangalia yule mtaalamu, amemkazia macho. Akanyanyua mkono kama mwanafunzi, akauliza, "Kwa hiyo lilisikia?" Mtaalamu hakuelewa swali. Sisi tuliokuwa karibu naye tulielewa: alitaka kujua kama hata kilo zake nne na robo zilihesabiwa huko juu. Mama Tepaeru alimshika mkono, akaushikilia hadi mkutano ulipokwisha.

Papa Tuakana, kituo hiki kinakushukuru kwa kila ndoo ya barafu na kila taa iliyowaka. Watoto watakaozaliwa hapa watatoka nje kwenye jua asubuhi, watacheza, na hawatajua kwamba kulikuwa na jambo la kuogopa. Nenda nyumbani sasa kwa afya na furaha, ukae na Mama Tepaeru kibarazani, mle mikunga wa ziwani, wale samaki warefu kama nyoka mnaowapenda, na siku zenu ziwe nyingi na nyepesi.

Ngapoko Vaevae, ofisi ya barafu, kwa niaba ya wafanyakazi wote