Ufunguo Uliokuwa Mfukoni mwa Radi

Ndugu waombolezaji, watumishi wa Mungu, wazee wetu, majirani, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu ili mtushike mkono leo, familia imenipa mimi, mdogo wake wa mwisho wa kiume, kazi ya kusoma maisha ya dada yetu, na kabla sijaanza inafaa mjue kwamba marehemu mwenyewe alisomewa historia hii wiki tatu kabla ya kufariki, akiwa ameketi kitandani na mto mgongoni, akafuta sehemu mbili zilizomsifu kupita kiasi, akaagiza kwamba habari ya ufunguo isomwe yote kama ilivyo. Alisema, "Msinipake rangi, mimi si ukuta."

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na uzio wa stesheni ya reli, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa fundi viatu na mkewe mshonaji. Jina la Radi, ambalo wengi wenu mnalijua kuliko jina lake la ubatizo, alipewa na baba akiwa na miaka sita, siku alipomfuata mteja mmoja, mtu mzima mwenye ndevu, hadi mtaa wa pili, akimpigia kelele mbele za watu kwamba viatu alivyoondoka navyo si vyake, mpaka yule mzee akavua, akarudi pekupeku kuchukua vyake.

Mwaka 1964 alianza darasa la kwanza katika shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya kanisa, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana hadi mwaka 1974, kisha akasomea usafi wa hospitali, na Jumatatu ya tarehe 5 Februari 1979 akaajiriwa katika idara ya kufulia ya hospitali kubwa, penye mashine sita za kufulia, nne za kukaushia, na pasi ya mvuke ndefu kama kitanda cha watu wawili. Mwaka 1986 alifanywa kiongozi wa zamu ya asubuhi, na katika zamu hiyo alimpata rafiki wa maisha yake, mwenzake tuliyezoea kumwita Kicheko, ambaye yuko nasi hapa, ameketi safu ya mbele pamoja na wafiwa, na ameridhia kila neno litakalosomwa.

Jumamosi ya tarehe 17 Desemba 1983 alifunga ndoa na shemeji yetu seremala, mtu wa maneno machache, aliyekuwa akisema kwamba nyumba yake haihitaji kengele ya mlangoni, kwa kuwa mgeni akifika kwenye kona ya mtaa tayari anamsikia mwenye nyumba. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1985, ambaye sasa ni mwalimu, na mwana aliyezaliwa mwaka 1988, ambaye sasa ni fundi umeme.

Sasa tunafika mahali ambapo marehemu alituomba tusipaharakishe.

Msimamizi wa idara ya kufulia alikuwa ameagiza kwamba mlango wa nyuma wa chumba cha kukaushia ufungwe kwa kufuli kila asubuhi, ili wafanyakazi wasitoke kupunga upepo, na kwa miezi saba aliyeufunga kila siku ya zamu yake alikuwa Radi, kabla wenzake hawajafika, akiutia ufunguo kwenye mfuko wa aproni yake, huku akinung'unika lakini akitii. Jumanne ya tarehe 9 Agosti 1994, saa nne na dakika ishirini asubuhi, vumbi la nyuzi lilishika moto ndani ya mashine ya tatu, na Kicheko, aliyekuwa peke yake upande wa ndani, akakimbilia mlango wa nyuma, akaushika ukiwa umeshapata moto, akausukuma kwa mikono yote miwili bila kuachia, mpaka wapishi wa hospitali walipovunja dirisha na kumtoa. Radi wakati huo alikuwa ghorofa ya pili akisukuma toroli la mashuka, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Aliposhuka na kuona, alikwenda chooni, akautumbukiza, akavuta maji.

Kicheko alipona, lakini vidole vya mkono wa kulia vilishikana, na wa kushoto ukapoteza nguvu ya kushika hata kijiko. Uchunguzi ulipofanyika, msimamizi alidai kwamba hakuwahi kutoa agizo lolote, na Radi akasimama, akaapa, akasema kwamba agizo lilikuwepo, jambo ambalo lilikuwa kweli, kisha akaongeza kwamba siku hiyo msimamizi mwenyewe ndiye aliyefunga mlango na kuondoka na ufunguo, jambo ambalo lilikuwa uongo. Msimamizi alithibitisha kwamba tangu alfajiri alikuwa kwenye kikao nje ya hospitali, na uongo wa Radi ulipoanguka ulianguka pamoja na ukweli wake, wachunguzi wakaandika kwamba ilikuwa ajali, na yule bwana akarudi ofisini kwake.

Kwa miaka kumi na moja dada yetu aliwaka. Alimlaani msimamizi nyumbani, kazini na kanisani, alikataa kukaa naye ukumbi mmoja, na watu walimsifu kwa kutetea wanyonge, wakamchagua katibu wa kamati ya nidhamu ya kanisa, ambako, familia inakiri, hakuna aliyetamani kuitwa. Kila Jumamosi alikwenda kumwosha Kicheko nywele na kumchana, akirudi nyumbani bila hamu ya kula, na sisi tulidhani ni huruma.

Jumamosi ya tarehe 11 Juni 2005, saa tisa alasiri, kamati iliketi kwenye viti vya plastiki katika ofisi ya kanisa kusikiliza shauri la mlinzi wa kanisa, ambaye vyombo vya muziki viliibwa katika zamu yake, na ambaye alikuwa amedai kwamba alivamiwa na kupigwa. Radi alikuja na karatasi mbili za hoja. Lakini mlinzi alisimama kabla hajaulizwa, akavua kofia, akasema, "Hakuna aliyenipiga. Nililala, halafu nikadanganya. Sina kingine."

Mchungaji hakumpunguzia. Alimwambia kwamba kulala ni kosa na kudanganya ni dhambi, na kwamba Mungu anaichukia dhambi hiyo kuliko kamati yote ikijumlishwa, kisha akasema, "Mungu angeipuuza, Kristo asingekuwa na sababu ya kufa. Hakuipuuza, aliibeba. Hakuwafia watu wenye visingizio vizuri, ndugu yangu, aliwafia wakosaji, na wewe leo umekuja kama ulivyo. Utavitafuta vyombo pamoja nasi, na zamu tutampa mwingine kwa sasa. Keti unywe chai."

Mlinzi aliketi akanywa vikombe viwili, uso umelegea kama wa mtu aliyetua gunia la saruji, na marehemu alitusimulia mara nyingi kwamba katika maisha yake hajawahi kumwonea mtu wivu kama alivyomwonea yule mlinzi. Mwenyekiti alipomwuliza katibu kama ana la kusema, alikunja karatasi zake akasema hana, na mama mmoja wa kamati akamgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Hakwenda nyumbani, alikwenda moja kwa moja kwenye karakana ya mumewe, akamwambia aache msumeno, akasema, "Mume wangu, ule ufunguo ulikuwa kwangu."

Shemeji yetu aliketi juu ya fremu ya kitanda aliyokuwa akiiunga, akasema, "Miaka yote hii unaweweseka kuhusu mlango. Nami nilidhani ni mlango nilioutengeneza vibaya." Radi alicheka na kulia kwa pamoja, hapo hapo kwenye maranda, na hapo, kwa ushuhuda wake, ndipo alipomwomba Mungu kwa mara ya kwanza bila kumshtaki mtu mwingine. Alisema hakuwa na cha kumpa, hata hasira yake iliyokuwa nzuri ilikuwa na uongo ndani yake, na alipokea msamaha kama mtu anayepewa maji, hakuununua, hakuufanyia kazi. Shemeji alimsaidia kuinuka, akamwambia, "Kesho nitakusindikiza kwa Kicheko. Kuongea utaongea mwenyewe."

Kesho yake, baada ya ibada, walimkuta Kicheko barazani na dada yake, na Radi akaanza, "Mwenzangu, siku ile ya ajali..."

"Usiiite ajali," Kicheko alimkatiza. "Mtu aliufunga ule mlango."

"Niliufunga mimi. Aliagiza msimamizi, nikafunga mimi, ufunguo nikautupa, na kwenye uchunguzi nikadanganya."

Kicheko alimtazama, akasema, "Miaka kumi na moja unanichana nywele, Radi. Kila Jumamosi. Na hukusema."

"Sikusema."

"Basi ondoka. Nimekasirika, na hasira hii ni halali yangu, usije ukanitumia mchungaji kuja kunibembeleza."

Radi aliondoka, hakumtuma mtu, na Jumatatu asubuhi, kabla hajajua kama atasamehewa au la, alikwenda kwa mamlaka husika na kuandikisha maelezo mapya, akisema kweli yote, pamoja na ile iliyomhukumu yeye. Alituambia kwamba siku hizo alitembea akijua rafiki amempoteza na kazi ataipoteza, na bado usiku alilala fofofo, kwa kuwa Mungu alikuwa ameshamjua alivyo na hakumfukuza.

Tarehe 5 Julai 2005, siku ya ishirini na tatu tangu amfukuze, Kicheko alimtuma dada yake aje amwite. Radi alipofika, Kicheko alimwambia asimame pale pale mlangoni, akasema, "Nimekusamehe. Si kwa sababu ulilia, wala si kwa sababu umeandikisha maelezo. Kwa kustahili, hustahili. Lakini na mimi nilisamehewa yangu bila kustahili, na orodha yangu huijui. Ulichofanya ni dhambi, nitakiita hivyo mpaka nife, na wewe utakisema popote watakapotaka kusikia. Haya, ingia unichane, kichwa kinaniwasha wiki tatu sasa."

Mwaka uliofuata shauri lilifunguliwa upya, na kwa kuwa Radi alijitaja mwenyewe kwanza, wanawake wengine wawili wa zamu walipata ujasiri wa kueleza kwamba nao waliwahi kuagizwa kufunga mlango ule, msimamizi akapatikana na hatia na kuondolewa, makufuli yakatolewa katika milango yote ya dharura ya hospitali ile, na Kicheko kwa mara ya kwanza akasomewa karatasi rasmi isiyosema ajali. Radi naye aliachishwa kazi, tarehe 31 Oktoba 2006, akaipokea barua bila kulalamika, akaanza kufua nyumbani kwa ajili ya majirani. Mwaka 2008 alimtembelea msimamizi, akamwambia kwamba dhambi ile waliifanya wawili, na kwamba yeye ameshasamehewa na mlango wa msamaha huo uko wazi hata kwake, naye akajibu kwamba hajui anazungumzia nini. Marehemu aliendelea kumwombea kwa jina, bila kumsafisha wala kumsamehea ambacho hakukikiri mbele za Mungu, akisema kwamba yeye amemwondolea kinyongo, mengine hayako mikononi mwake.

Msidhani kwamba alipoa. Mwaka 2013 aliketi siku mbili mfululizo mbele ya ofisi ya mkuu wa shule moja, akiwa na chupa ya chai na kazi yake ya kufuma, mpaka madirisha ya bweni yaliyopigiliwa misumari yakafunguliwa. Lakini alianza kila lawama kwa kusema, "Mimi niliwahi kufunga mlango," na watu waliomkimbia zamani walianza kumfuata nyumbani kwake na mambo yao mazito, wakitoka wamesemwa vikali na wamefutwa machozi, yote kwa kikao kimoja.

Mnamo Septemba 2021 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa moyo kupanuka, akalazwa mara nne, na mara ya mwisho alipelekwa tarehe 8 Mei 2024, wodi ya wanawake, kitanda cha kumi na moja, karibu na dirisha. Kicheko alikuja kila siku, akimnywesha uji kwa kikombe alichokibana kati ya viganja vyake viwili, akigombana naye kuhusu sukari. Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 16 Mei, muuguzi alimwuliza kama ana hofu, naye akajibu, "Ningekuwa nakwenda kujitetea, mwanangu, ningeogopa sana. Nimeshakiri. Nakwenda kupokelewa." Aliomba kugeuzwa upande wa dirishani, na saa tatu na robo, Kicheko, mumewe na watoto wote wawili wakiwa kando yake, alivuta pumzi ya mwisho bila kuhangaika. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, na ndugu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi, walioivumilia sauti yake hata ilipokuwa imebaki robo, majirani waliofunga maturubai tangu Alhamisi na kuwapikia wageni, mchungaji na kamati, wafanyakazi wa idara ya kufulia wa zamani na wa sasa, waliokuja leo na sare zao, na mlinzi wetu wa kanisa, aliyerudi kazini siku nyingi, ambaye ameomba kuwa miongoni mwa watakaobeba jeneza, na amekubaliwa.

Dada yetu, mke, mama, bibi, mwenzetu wa zamu, ulikuwa mkosaji ukapewa neema, nasi tunakuaga mioyo ikiuma lakini imetulia, kwa kuwa tunajua umeangukia mikono ya nani. Lala salama ndani ya amani yake, Radi, pumzika.