Bibi Tafida Achunguza Makao

Kitendawili: mgeni gani humchunguza mwenye nyumba kama mkwe kabla ya kulala kwake? Fikiri, nami nikusimulie.

Ndani ya tramu ya Aleksandria, Bibi Tafida aliketi na begi miguuni, akimwambia mzee wa kando yake, "Makao ya wazee yalitaka cheti changu cha polisi cha tabia njema, na alama za vidole. Mimi, na magoti haya."

"Waliogopa utaiba meno ya wenzio, hajati," mzee akacheka.

"Nikawapa. Kisha nami nikawaulizia, kama tunavyomuulizia mchumba wa binti: kwa bawabu, kwa muuza nyama, kwa mpiga pasi wa jirani. Wote wakamtaja mhudumu wa usiku anayewapiga wazee. Nikamuuliza mkuu wa makao, cheti cha huyo kiko wapi? Kumbe hakuwahi kuombwa. Nikasema siingii mpaka mhudumu huyo atoke."

Mzee akaacha kucheka. "Dada yangu yumo humo. Huyo mhudumu wamemtoa?"

Bibi akawa anatafuta fimbo yake chini ya kiti. Sisi wazee, nami msimulizi nikiwemo, tukishinda hatuna haraka. Tramu ikasimama.

"Ewe Haji," akamwambia mzee akiinuka, "ningelibeba begi hili kama bado yupo?"