Sista Kijiko na Mkono wa Bibi

Leo ni Ijumaa, tarehe 30 Juni, na saa kumi jioni Sista Kijiko atastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika zahanati yetu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili. Nimeombwa niandike kwa niaba ya familia anazozihudumia, na naahidi kusema yote, hata lile aliloniomba nilifiche.

Alipofika hapa alikabidhiwa kazi ya kutoa elimu ya afya ya moyo kwa familia zenye asili ya Asia Kusini, kama yetu. Sisi hupatwa na maradhi ya moyo mapema kuliko watu wengi, hata walio wembamba. Sista alianza kwa bidii. Aliwaita wanaume wenye presha, akawaeleza habari za mafuta na chumvi, nao wakaitikia kwa adabu. Presha haikushuka hata kidogo. Hili ndilo alilotaka nilifiche: kwa miaka miwili mizima alimfundisha mlaji, mpishi akiwa hana habari! Nyumbani kwetu mwiko hushikwa na mama mkwe, yaani Bibi. Babu hajui hata chumvi hukaa wapi.

Basi Sista akaacha meza yake, akaingia jikoni. Jiko la kwanza lilikuwa letu. Bibi alimpa kiti, kisha akampa maneno: "Binti, wewe pima moyo. Sufuria niachie mimi." Aliapa kwamba hutia kijiko kimoja tu cha mafuta. Sista akamwomba amimine kama kawaida, ila kwenye bakuli. Halafu akatoa kijiko mfukoni, akapima. Vilikuwa tisa! Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Bibi alilitazama bakuli, akasema, "Kijiko chako ndicho kidogo."

Tangu siku hiyo Sista ana jina jipya.

Hakumwambia Bibi aache mapishi ya mama yake. Alijifunza majina ya viungo kwa lugha yetu, akayakosea, akachekwa, akarudi tena. Walipunguza kijiko kimoja kila mwezi, kimyakimya, na Babu akaendelea kusifu mchuzi. Tisa vikawa vitatu. Habari zikaenea, na chumba cha kusubiria wagonjwa kikawa darasa la Jumamosi: mabenchi ukutani, majiko mawili katikati, na akina bibi wakibishana kuhusu chumvi.

Sisi wajukuu alitufundisha jambo moja: kifua kinachouma hakisubiri wageni waondoke. Mwaka jana sebule yetu ilijaa wageni, na Babu akashika kifua, jasho likimtiririka. Alisema ni gesi tu, na kwamba haiwezekani mwenye nyumba aondoke awaache wageni wake. Nikawageukia wageni wenyewe. "Mjomba, gari lako liko mlangoni. Tumpeleke Babu sasa hivi, twendeni wote." Hakuna aliyebaki kwenye kiti. Daktari alisema tuliwahi. Leo Babu amekaa mstari wa mbele, na tai amejifunga mwenyewe.

Lakini wiki iliyopita tangazo lilibandikwa mlangoni: darasa la Jumamosi litafungwa, maana hakuna wa kulishika. Bibi alilisoma, akavua miwani, akaenda moja kwa moja kwa daktari mkuu. Alisema atafundisha yeye. Daktari amekubali kwa sharti moja: Sista athibitishe kwa sahihi yake kwamba Bibi anaweza.

Asante, Sista, kwa kila jiko uliloingia bila kuchoka. Uende ukapumzike, ule vizuri, na moyo wako upige kwa raha miaka mingi.

Fomu ya sahihi hiyo iko ukurasa wa mwisho wa programu ya sherehe hii, na kalamu ninayo mimi. Jana Bibi alijaribu kumimina vijiko vitatu vya mafuta mbele yako bila kupima, na wewe ukatia kijiko chako bakulini, ukahesabu, ukatabasamu, ukaondoka bila kusema neno. Hatukulala vizuri. Tafadhali tujibu kabla ya saa kumi: je, Bibi amefaulu?