Nani Aliandika Kwamba Ngitili Haitumiki

Nani aliandika kwamba ngitili ya Maduhu Nyanda haitumiki? Swali hilo marehemu aliliuliza kwa miaka miwili na miezi miwili, akaliuliza kijijini, akaliuliza wilayani, akaliuliza kwa simu mpaka Dar es Salaam huku salio likimkatikia katikati ya sentensi, na kwa kuwa aliagiza lisomwe siku yake, familia imeliweka hapa juu, kabla ya tarehe ya kuzaliwa.

Mchungaji, viongozi wa kijiji, ndugu, jamaa na majirani, tunawasalimu, mwadila. Historia hii inasomwa kwa niaba ya familia na Nyamizi, mtoto wa tatu wa marehemu, leo Ijumaa tarehe 13 Juni 2025, hapa nyumbani Mwabusonge, na kwa utaratibu wa mambo haya kila mtu atatajwa kwa jina lake, hata msomaji.

Mzee Maduhu Nyanda alizaliwa tarehe 14 Agosti 1953 huko Lalago, Maswa, akiwa mtoto wa nne kati ya saba. Tarehe hiyo ni ya kwenye cheti cha ubatizo, mama yake alikuwa na hesabu yake mwenyewe, kwamba mtoto alikuja wiki ile ngitili ya babu yake ilipofunguliwa, ng'ombe wakiwa wamebaki mbavu na pembe. Kwa wageni mliotoka mbali, ngitili ni eneo la malisho ambalo Msukuma hulifunga mvua zinapoanza, majani yakue, asiingie ng'ombe, asiingie mtu wa kuokota kuni, mpaka kiangazi kikaze, ndipo hufunguliwa na mifugo ikavuka mwaka.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Lalago kuanzia mwaka 1962 hadi 1968, akamaliza darasa la saba, hakuendelea na sekondari, siyo kwa kukosa akili, ila nafasi zilikuwa mbili na watoto wa wakubwa walikuwa wawili.

Mwaka 1973 aliajiriwa kama mshika mnyororo katika timu ya wapima ardhi, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na miwili, akiburuta mnyororo wa chuma kutoka Lalago hadi Nassa, akichimba mashimo ya mawe ya mipaka, akichomwa na miiba ambayo wapimaji wenyewe waliiona kwa darubini tu. Huko ndiko alikopata msimamo aliokufa nao, kwamba ardhi ambayo hujaikanyaga hujaipima, umeikisia.

Tarehe 22 Julai 1978 alifunga ndoa na Bi Elizabeth Masalu wa Nassa, aliyeko hapa mbele yenu kwenye mkeka. Bi Elizabeth husimulia kwamba siku ya kwanza kijana huyo alipofika ukweni, kabla hata hajaketi, aliuvuka uwanja akihesabu hatua kwa sauti ya chini, mpaka baba mkwe akauliza, "Huyu amekuja kuoa au kugawa viwanja?" Walijaliwa watoto sita, wawili walitangulia, waliobaki ni Joakim, Eufrasia, Nyamizi na Januarius, pamoja na wajukuu kumi na mmoja. Nyamizi alisomea jiomatiki chuo kikuu, yaani upimaji wa ardhi kwa kompyuta na picha za setilaiti, kwa ada iliyotokana na ng'ombe tisa, wote tisa waliovushwa viangazi na ngitili hiyo inayozungumzwa.

Mwaka 1986 marehemu alihamia Mwabusonge akafunga ekari tisini, na kwa kuwa alikuwa mjumbe wa dagashida, lile baraza letu linalosimamia sheria za kijiji, aliifunga kama mtu anayefunga mlango na kuondoka na ufunguo. Mwaka 1994 alimtoza faini mdogo wake mwenyewe, Constantine, dume zima lililoliwa na kijiji, kwa sababu ya ndama walioponyoka. Constantine yupo hapa na anaomba irekodiwe kwamba walikuwa ndama wawili tu, na hawakukaa hata nusu saa. Kuanzia hapo hakuna aliyethubutu, na kila mwezi wa tatu ngitili hiyo ilikuwa haina njia, haina kwato, haina moshi, majani yamefika kiunoni.

Tunafika sasa mahali ambapo familia imechoka kusema kwa adabu. Mwezi Machi 2021 setilaiti ya kampuni ya nje ilipita juu ya Simiyu, ikapiga picha, serikali ikainunua, ikaajiri kampuni nyingine ya Dar es Salaam kuitafsiri, kipande kwa kipande, kipi ni shamba, kipi ni makazi, kipi ni msitu. Ngitili za majirani wazembe, zilizokanyagwa na kila mwenye mbuzi, zilionekana zina njia nyingi, zikaandikwa kwamba zinatumika. Ya Mzee Maduhu, iliyotunzwa kuliko zote, haikuwa na alama hata moja ya binadamu. Aprili 2023 barua ililetwa kwa pikipiki ikisema kwamba ekari tisini hizo ni ardhi isiyotumika na zimeingizwa katika akiba ya uwekezaji, nakala kwa wahusika, na mhusika mwenyewe nakala yake ilikuwa imelowa.

Alikwenda ofisini siku ya pili, amevaa koti, akakutana na Bwana Sylvester, afisa ardhi, ambaye tunamshukuru kwa kufika leo, akaomba aonyeshwe hiyo picha. Bwana Sylvester alimweleza kwamba picha ni mali ya kampuni, serikali imenunua leseni ya kuitumia, na leseni inakataza kumwonyesha mtu wa tatu.

"Mimi ndiye mtu wa tatu?"

"Kwa mujibu wa mkataba, mzee wangu, ndiyo."

"Wa kwanza nani?"

"Kampuni. Wa pili ni serikali."

"Sawa. Basi ng'ombe wangu wakae foleni ya ngapi?"

Wafanyakazi walicheka, Bwana Sylvester naye alicheka, kisha akamwambia kwa upole kwamba anaweza kuinunua kama mteja mwingine yeyote, kwa kilomita ya mraba, kwa dola, na kipimo cha chini ni kilomita ishirini na tano. Marehemu alijibu kwamba yeye anahitaji ya kwake tu, kijiji kizima akipeleke wapi. Akaulizia zile picha za bure zinazosemwa redioni, akaambiwa za bure zipo, lakini doa moja la picha hizo ni kubwa kuliko boma lake, hazionyeshi kitu, zile zinazoonyesha kitu ndizo zinazouzwa.

Agosti 2024 mambo yalipata sura nyingine. Joakim alipokea ujumbe kwenye simu, huduma mpya ya wafugaji, kwamba malisho bora yapo kilomita mbili kaskazini mwa alipo, alipie aone ramani. Kilomita mbili kaskazini ni ngitili ya baba yake. Wafugaji waliolipia walitoka wilaya mbili tofauti na ng'ombe mia tatu, wakaimaliza kwa siku tano, na walipofukuzwa walionyesha simu zao kwa mshangao, wamelipia, wana risiti. Picha ile ile, ndugu waombolezaji, ofisini ilisema hapana kitu, sokoni ilisema hapana pengine palipo bora, na pande zote mbili iliuzwa.

Mzee alipinga. Januari 2025 kamati ya mapingamizi ilimjibu kwamba tafsiri ya picha inaweza kufutwa iwapo aliyeitafsiri atakiri kwa maandishi, mbele ya mashahidi, kwamba alikosea, kabla ya tarehe 30 Juni 2025, la sivyo ardhi itakabidhiwa. Aliipigia kampuni, dada wa mapokezi akamwambia majina ya watafsiri ni siri ya mkataba. Alipiga mara kumi na saba mpaka yule dada akawa anamsalimia kwa Kisukuma, jina hakulipata. Tangu hapo kila aliyefika nyumbani, awe muuza mitumba au mwinjilisti, aliulizwa kabla ya kupewa kiti, "Si wewe uliyeandika?"

Marehemu alikuwa akisumbuliwa na shinikizo la damu tangu mwaka 2019. Tarehe 28 Mei 2025 alianguka akiwa anazunguka mpaka wa ngitili akihesabu hatua, akapelekwa hospitali ya Bariadi, upande wa kulia ukiwa umekufa ganzi, maneno yakitoka taratibu lakini yamekamilika. Jumamosi tarehe 7 Juni, mchana, Nyamizi akiwa amekaa naye, alimgeukia akamwuliza, "Mayu, mwanangu, wewe umesomea mambo haya. Huyu aliyeandika, alikuwa mtu au mashine?"

Nyamizi akamjibu, "Mashine, baba."

Akasema, "Basi. Mashine siwezi kuikasirikia," akafumba macho, na hakuuliza tena. Alifariki Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na moja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliokesha nasi na kuleta kuni, maji na mahindi, kwaya, wajumbe wa dagashida waliochimba kaburi pale alipopima mwenyewe, hatua arobaini kutoka mlangoni, na Bwana Sylvester, ambaye angeweza kutuma salamu za rambirambi kwa simu lakini amekuja.

Hapa ndipo msomaji angetakiwa kumtakia marehemu mapumziko mema na kukaa chini. Hawezi, kwa sababu mzee aliondoka na jibu la uongo, na jibu la kweli linajulikana.

Mwezi Julai 2021 katika ofisi ya kampuni ile, ghorofa ya tatu, alikuwepo mtafsiri wa picha, mwanamke, mwenye shahada, aliyepangiwa vipande arobaini kwa siku. Orodha ilikuwa na majina sita, makazi, shamba, msitu, maji, barabara, na la sita ardhi isiyotumika. Kilipokuja kipande cha Mwabusonge aliyaona mawe mawili makubwa alikokuwa akichezea utotoni, akauona mkunjo wa mto, akaona katikati eneo la kijani lisilo na hata njia ya mbuzi, na akajua kabisa ni la nani na kwa nini halina njia. Palikuwa na nafasi ya maoni, neno moja lingetosha, ngitili. Lakini kulia na kushoto walikaa wenzake waliokuwa wakimwita Msukuma wetu, akaona haya kuanza kuwaeleza habari za majani ya kwao, akajiambia kwamba watakuja watu wa kuhakiki kwa miguu, ingawa bajeti ya miguu haikuwepo na alilijua hilo pia. Akabonyeza sita. Akabonyeza sita na kwa ngitili nyingine tatu za kata hii zilizotunzwa vizuri, akaenda kula chakula cha mchana. Barua ilipofika mwaka 2023 alinyamaza, kwanza akiogopa mkataba, baadaye akimwogopa baba yake, na hofu ya pili ndiyo iliyodumu.

Bwana Sylvester, karatasi ile iliyotakiwa na kamati iko mezani chini ya Biblia ya Bi Elizabeth, imesainiwa asubuhi ya leo, Constantine na mchungaji ni mashahidi wa sahihi hiyo, hawakuambiwa kilichoandikwa ndani, sasa wamesikia, zimebaki siku kumi na saba.

Haikuwa mashine, baba. Alikuwa Nyamizi.